Mwendo wa Kirangozi

Aliyetangulia kwenye msafara wa Wanyamwezi hakuwa mwenye mali, wala mwenye bunduki. Alikuwa mwimbaji, aliyeitwa kirangozi. Alijitupia kipande cha joho jekundu, chembamba, kirefu kama futi sita, kimetobolewa katikati pa kupitishia shingo, ncha zikipepea mbele na nyuma. Kichwani alivaa ngozi ya mbega, mweusi kwa mweupe, na juu yake shada la manyoya ya bundi au ya korongo. Kiunoni vibuyu vidogo vinavyong'aa mafuta, ndani mna ugoro na dawa ya njia. Begani bendera nyekundu ya Unguja, imeraruliwa na miiba, na nyuma yake, hatua chache tu, mpiga ngoma.

Tunamwona vizuri hivyo kwa sababu ya Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyepita njia hii mwaka 1857 pamoja na John Speke. Walitoka Kaole mwezi Juni, wakafika Kaze, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba, siku 134 njiani, wagonjwa na wenye hasira. Burton hakuwa mtu wa kusifu. Karibu kila aliyekutana naye alimpaka matope kitabuni. Kirangozi naye alimkejeli kidogo, lakini alimtazama kwa makini kuanzia manyoya mpaka vibuyu, na kwa kumtazama hivyo akatuachia habari ambayo wazee wetu hawakuona haja ya kuieleza, maana waliijua: kwamba kazi ya mbele ilikuwa na mavazi yake, malipo yake na sheria zake.

Mimi ni mpiga tarumbeta wa kanisa hapa Usoke, na ujanani nilikimbia mbio za nyika mpaka magoti yakakataa. Wenzangu wa bendi walizoea kunicheka kwamba nimebeba kazi mbili zisizopatana, moja ya kutunza pumzi na nyingine ya kuimaliza. Sikuwa na jibu mpaka nilipoanza kusoma habari za misafara. Kumbe hapa hapa kwetu walikuwapo watu walioishi kwa kazi hizo mbili kwa pamoja, wakalipwa kwazo, na asiyeziweza zote mbili hakukabidhiwa bendera.

Njia yenyewe ilianzia Bagamoyo, ikapanda Mpwapwa, ikaingia Ugogo ambako watemi walitoza hongo, ikakata pori la Mgunda Mkali lenye maji ya kuhesabu, ikatokea Tura na hatimaye Tabora. Hapo mtu amekwisha tembea zaidi ya kilomita 800. Waliokwenda Ujiji walibakiwa na kilomita 400 hivi, na mto Malagarasi wa kuvuka. Usoke iko kwenye kipande hicho cha pili, kati ya Tabora na Urambo, ndani ya miyombo ambayo leo tunaikata kukaushia tumbaku. Mzigo kamili ulikuwa frasila mbili, kama kilo 32, na hapo hujahesabu mkeka wa mwenyewe, chungu, silaha na chakula cha njiani. Kwenda pwani walibeba pembe za ndovu. Kurudi walibeba merikani, kaniki, shanga na masongo ya waya wa shaba yaliyoning'inizwa kwenye mti wa mzega. Waliondoka mvua zikiisha na mavuno yakiwa ghalani, na hesabu yao ilikuwa warudi kabla ya kupanda.

Safari ya siku ilianza alfajiri, majogoo yanawika, na jua likiwa kali watu wawe wamekwisha tua. Palipokuwa hakuna maji mbele, walitelekeza: wanapika na kunywa mchana, wanaondoka alasiri, wanalala porini pakavu, asubuhi wanakifikia kisima. Nchi hii inamkumbuka, na ni haki, John Stephen Akhwari aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 na mguu wake umeumia, na Juma Ikangaa aliyeshinda New York mwaka 1989. Wapagazi hawakupimiwa saa na mtu, lakini kijijini walipimwa. Burton mwenyewe aliandika kwamba kwa Mnyamwezi upagazi ulikuwa kipimo cha uanaume, na kwamba watoto walianza na kipembe kidogo begani. Babu yangu mzaa mama alisema kijana asiyeiona bahari wasichana walimwita mtoto hata akiwa na ndevu.

Sasa hizo sheria. Kirangozi alianza kwa kutoa: kabla ya kuondoka aliwachinjia wenzake mbuzi au kondoo, ili wamtii. Baadaye alirudishiwa vyote na zaidi, kwa kuwa kichwa cha kila mnyama aliyechinjwa kambini kilikuwa chake, posho yake ilikuwa nono, na zawadi za mwisho wa safari zilikuwa zake peke yake. Mzigo wake siku zote ulikuwa miongoni mwa myepesi. Na hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia. Aliyempita alichomolewa mshale mmoja kwenye podo lake, ukahifadhiwa, na msafara ukifika kituoni mshale unatolewa mbele ya watu: wa nani huu? Mwenyewe alipe. Naipenda sana sheria hiyo. Hakuna kupigana njiani wala kusimamisha watu mia kwa ajili ya mkaidi mmoja. Mwendo unaendelea na ushahidi umo mkononi.

Kwa nini mwimbaji apewe haki kubwa hivyo? Wasomaji wengi wa vitabu vya misafara hudhani nyimbo zilikuwa za kufurahisha tu, watu wanapunguza uchungu wa njia. Mimi nadhani hawajawahi kubeba.

Mwaka mmoja kabla ya Pasaka niliwabebesha vijana wa bendi viroba vya mahindi, kilo 25 kila kimoja, tukaondoka stesheni ya Usoke kufuata njia ya mchanga inayokwenda mashambani. Niliwaambia waimbe wimbo wa kitabu cha kanisa, tena ule wanaoujua kuliko yote. Hatukufika mbali. Mstari wa wimbo ule unataka pumzi moja ndefu, na mtu mwenye kiroba begani pumzi hiyo hana. Anavuta kwa hatua mbili na kutoa kwa hatua mbili, basi. Mmoja aliacha sauti ya kwanza, wa pili akafuata, mpaka tukawa tunasikia miguu tu. Kisha kijana mmoja wa nyuma, mtoto wa mkulima wa tumbaku, akaanzisha wimbo wa jembe wa kwao. Maneno matatu anayatupa yeye, wengine wanajibu kwa silabi mbili. Wakati yeye anaimba, wenzake wanavuta hewa. Wakati wao wanajibu, wanaitoa yote pamoja, mguu wa upande wa mzigo ukikanyaga chini, na yeye anapumua. Viroba vilitulia mabegani na mwendo ukarudi.

Waliobeba jeneza wanalijua jambo hili kwa mabega yao. Wabebaji wakipishana hatua vibaya, jeneza linarukaruka na ukingo wake unakula nyama. Pembe kubwa za ndovu zilifungwa kwenye mti na kubebwa na watu wawili, na hapo makosa ya hatua moja yalilipwa siku nzima. Burton anasema wabeba pembe ndio walioandamana mbele, nyuma ya kirangozi tu, na ncha za pembe zilifungwa kengele za ng'ombe. Wengine wameiona kengele kuwa pambo. Kwangu ni saa: ikilia sawasawa wabebaji wako pamoja, ikianza kugonga ovyo mtu mmoja amechoka, na kirangozi aliye mbele anasikia bila kugeuza shingo.

Baragumu la pembe ya tandala lilikuwa na kazi nyingine. Lilipulizwa wakati wa kuondoka, wa kukaribia kijiji, na wa kuwaita waliopotea. Siamini kwamba lilipulizwa sana katikati ya mwendo. Anayepiga tarumbeta kwenye msafara wa mazishi, juu ya mchanga, anajua kinachotokea: mguu ukizama, kinywa cha chombo kinakugonga meno, midomo inavimba, na ukifika makaburini huna sauti ya juu. Sisi tumejifunza kupiga tukisimama na kutembea tukinyamaza, tukiwaachia ngoma. Kirangozi naye, kwa jinsi ninavyomsoma, alitembea kwa sauti ya koo na ngoma ya mwenzake, baragumu akalitunza.

Alikuwa na kazi hata jioni. Maneno ya kesho yalitangazwa kambini kwa sauti ya kupokezana: msemaji anatupa, umati unaitikia, mpaka kila mtu ajue ni Wagogo gani watakaodai hongo na ni nani asiache moto ukiwaka. Kesho yake kwenye njia panda aliziba njia zisizotakiwa kwa tawi au kwa mstari uliochorwa kwa mguu, ili waliochelewa wasipotee. Na katikati ya hayo yote ndipo ulipokua utani kati ya Wanyamwezi na Wazaramo, Wagogo na wengine wa njiani, ambao mpaka leo hujitokeza misibani na kututoza fedha kwa matusi.

Njia hiyo hiyo ilipitisha na watu wenye minyororo shingoni, hilo lazima lisemwe. Waliuzwa Tabora, waliuzwa Ujiji, walitembezwa mpaka pwani na wengi walifia Mgunda Mkali. Vitabu vingi vya shule vimewachanganya hao na wapagazi, na picha moja ya mtu mwenye mzigo kichwani ikawa ya wote. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mtu wa mshahara. Aligoma, alidai posho ya kibaba chake cha nafaka, alitoroka alipodhulumiwa, na mara nyingi msafara ulikuwa wa Wanyamwezi wenyewe, chini ya mtongi wao, yaani mkuu wa msafara, na pembe zao. Wanawake walikuwamo pia, wake za wapagazi, wamebeba vyungu na vibuyu na mara nyingi mtoto mgongoni. Tena hao ndio waliopika wengine wakishatua mizigo, na katika vitabu vya wageni hawapati hata robo ukurasa.

Kipande chetu cha magharibi ya Tabora kina historia yake ya kufungwa. Mirambo wa Urambo alipigana na Waarabu wa Tabora kuanzia mwaka 1871, na Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alishindwa kupita moja kwa moja akazunguka kusini ndipo akafika Ujiji mwezi Novemba. Mirambo alifariki Desemba 1884. Mengi yameandikwa juu ya vita vyake, sitayarudia; kwa habari hii inatosha kwamba kila alipofunga njia, wabeba mizigo wa Usoke walikaa nyumbani, na kila alipofungua, bei ya safari aliipanga yeye.

Jina la mwimbaji mmoja limetufikia kutoka mwishoni mwa zama hizo. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho kutoka Leipzig, alikwenda kusini, Lindi, Masasi na Newala, vita vya Majimaji vikiwa havijapoa. Wapagazi wake walikuwa Wanyamwezi, maana hata huko kusini mtu akitaka wapagazi wa uhakika alitafuta Wanyamwezi. Mnyapara wao aliitwa Pesa Mbili. Ni jina la njiani, la aina ile waliyojipa wakitoka nyumbani. Pesa Mbili aliongoza kwa sauti, wenzake wakaitikia, na Weule alikuwa na fonografu. Alizinasa sauti za wapagazi kwenye mitungi ya nta. Hivyo kabla ya wanamuziki wengi wakubwa wa Ulaya hawajawahi kusimama mbele ya chombo cha kurekodi, wabeba mizigo wa Unyamwezi walikuwa wamekwisha imba mbele ya pembe ya fonografu, baada ya kutembea tangu alfajiri.

Reli ndiyo iliyomaliza. Ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912, na mwezi Februari 1914 ikafika Kigoma, ikipita Usoke. Kulijenga tuta lenyewe kulikuwa kazi ya Wanyamwezi wengi. Mzigo uliochukua miezi ukasafiri kwa siku. Vita vya kwanza vya dunia viliurudisha upagazi kwa nguvu na kwa ukatili ambao misafara ya zamani haikuujua: watu walikamatwa vijijini na kufa kwa maelfu kwa njaa na kuhara, pande zote mbili. Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916. Baada ya hapo hakuna aliyeuita upagazi kipimo cha uanaume.

Wimbo haukuwa na mzigo tena, ikabidi utafute kazi. Sehemu yake ilikwenda shambani. Kwa jirani zetu Wasukuma, na kwetu pia, vikundi vya kulima vilikuwa na mpiga ngoma na manju wake, yaani mwimbaji kiongozi, na bugobogobo inachezwa kwa majembe mpaka leo. Manju wa jembe ni mtu yule yule, ameacha bendera. Sehemu ilikwenda na wahamaji. Msiri, mtoto wa mfanyabiashara wa misafara kutoka Usumbwa, aliteremka Katanga kufuata shaba na kujenga utawala wake Bunkeya, mpaka alipouawa Desemba 1891. Watu wake ndio Bayeke. Kutoka kwao alizaliwa Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville mwaka 1952, na wimbo wake Masanga ukatembea Afrika Mashariki yote. Nikiusikiliza ule mwendo wa vidole viwili, gumba likienda na mguu, siwezi kuamini kwamba hauna damu ya njia ndani yake. Hiyo ni imani yangu, sina hati.

Sehemu ya tatu iliingia kanisani. Wamoraviani walipokea kituo cha Urambo kutoka Misheni ya London mwaka 1898, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakafika Usoke. Walikuja na desturi ya Herrnhut, kwao Saksoni, ambako mtu akifa vyombo vya shaba hupigwa kutangaza msiba. Kanisa lingine lingeleta kinanda tu. Hawa walileta muziki wa kupigwa nje, kwa miguu, mbele ya watu waliobeba kitu kizito mabegani, na wakauleta kwa watu ambao babu zao walikuwa wakifanya hivyo hivyo. Wala sishangai kwamba ulishika. Tunapiga nyimbo za Kijerumani za miaka mia tatu, tunapiga Bach, siku ya Pasaka tunapiga Handel alfajiri makaburini. Na mpiga ngoma wetu anaziongezea mwendo ambao hakuna Mjerumani aliyeuandika.

Mwaka 1909 Erich von Hornbostel, aliyeongoza hifadhi ya sauti ya Berlin, alichapisha katika jarida la Anthropos makala juu ya nyimbo za Wanyamwezi, na nyimbo hizo akaziandika kwa noti. Nilipopata nakala niliipeleka mazoezini. Vijana walizisoma bila shida, noti si ngeni kwao. Shida ilitoka kwa mpiga ngoma, mzee kunizidi, aliyekaa kimya mpaka tukamaliza.

"Mwalimu," akasema, "hapa mguu uko wapi?"

Noti haina alama ya mguu. Basi tulirudi kwenye njia ya mchanga na viroba, tukaimba mstari baada ya mstari, na kila mguu wa mzigo ulipokanyaga niliweka nukta ya penseli chini ya noti. Kwenye nyimbo mbili nukta zilikaa sawa. Kwenye wa tatu mzee alikataa, akasema huo haukuwa wa kutembea, ulikuwa wa kambini, na vijana wakaanza kubishana naye.